Faili la WPG lilivyotufanya tujengee kaburi la mtu mwingine

Puu.

Kimya kidogo, halafu puu nyingine, nzito kuliko ya kwanza, na chai yangu ikatikisika mezani.

Wakuu, salamu kwenu, mlioko makazini na mnaosoma kwa kujificha chini ya dawati. Kabla sijafungua mlango kuona kilichodondoka barazani, niwaahidi jambo moja. Mimi ni mwandishi wa riwaya, kazi yangu ni kupamba. Uzi huu sijaupamba. Nimebadili majina tu, na kigango sitakitaja, kwa sababu naishi humu humu Songea na Jumapili bado nasali.

Nikafungua. Barazani kulikuwa na mifuko miwili ya saruji, dereva wa bodaboda anajifuta jasho, na nyuma yake Shangazi Oresta, dada yake baba, amesimama kama mtu anayesubiri aombwe radhi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umekonda. Hayo maandishi yako hayana ugali?"

Akaingia, akaketi, akafungua fundo la kanga, pale ambapo wanawake wenzake huweka hela. Akatoa flashi.

"Kaburi la Skola limo humu," akasema. "Nitolee."

Niwaeleze kwanza Skola ni nani, maana bila hilo mtaona tulikuwa tunahangaika na kompyuta tu.

Skolastika alikuwa mtoto wa kwanza wa shangazi. Alifariki ndiyo kwanza anaanza kukimbia, miaka mingi kabla mimi sijazaliwa. Akazikwa kwenye makaburi ya kigango nje kidogo ya Mshangano, akawekewa msalaba wa mti.

Shangazi hakufika kaburini.

Kwa desturi ya nyumba yetu enzi zile, mama aliyefiwa na mzaliwa wa kwanza hakwenda makaburini. Alibaki ndani, amefunikwa kitenge, wanawake wamemzunguka, wanaume wanatoka na mtoto. Wazee walisema akienda, tumbo litamfuata marehemu, hatazaa tena. Basi akabaki ndani. Baadaye akaolewa Namtumbo, akalima tumbaku, akazaa wengine watatu, wote wazima. Msalaba wa mti ukaoza. Na yeye hakuwahi kuonyeshwa mahali mwanaye alipolala.

Sasa magoti yamemchoka. Mwanaye wa mwisho yuko Tunduru kwenye biashara ya korosho, amemjengea chumba, anamtaka akakae naye moja kwa moja.

"Nikienda Tunduru sirudi," aliniambia. "Magoti haya hayarudi. Siendi kabla sijamjengea mwanangu."

Kwetu kumjengea marehemu ni shughuli kamili. Kaburi la udongo linawekewa saruji, jina linaandikwa, ndugu wanakuja, misa inasomwa, watu wanakula. Shangazi alikuwa ameshaita ndugu wa Madaba na wa Namtumbo kwa Jumamosi. Jumatatu basi la Tunduru. Saruji ilikuwa imeshanunuliwa, na wanaoishi Matogoro mnajua unyevu wa huku msimu wa mvua: saruji ukiiacha barazani, baada ya siku chache unakuwa na jiwe lenye umbo la mfuko.

Kila kitu kilikuwa tayari isipokuwa kaburi lenyewe.

Mnaweza kuuliza kwa nini mimi. Nami nilijiuliza. Jibu ni kwamba nikiwaambia ndugu zangu naandika riwaya kwenye kompyuta, wao wanasikia neno kompyuta tu. Nimeshaitwa kutengeneza printa ya shule. Nimeshaitwa kwa ajili ya king'amuzi kilichogoma siku ya fainali. Baba mdogo Ditriki aliwahi kunipigia simu kwa sababu friji inatoa sauti. Nikimwambia sijui, ananijibu, "Si una laptop."

Haya, turudi kwenye flashi.

Hapo kigangoni alikuwepo Bruda mmoja, mtawa wa kigeni, marehemu siku nyingi, mtu wa mpangilio. Alichora kwa penseli eneo lote la makaburi: lango, njia, ukuta, kijito cha kule chini. Akaiskani. Halafu juu ya picha hiyo akachora kwa kompyuta ya ofisi kila kaburi, mistatili midogo yenye majina ndani yake. Karatasi aliyoichapa ililiwa na mchwa. Kilichobaki ni faili. Karani wa parokia alilihamisha kutoka disketi kwenda CD, kutoka CD kwenda flashi, na kila mara alipolihamisha hakuna aliyejaribu kulifungua. Wakuu, tunatunza mafaili kama tunavyotunza sahani za wageni.

Faili lilikuwa moja. Mwisho wa jina lake: nukta, halafu WPG.

Nikalibofya. Laptop ikaniambia hailitambui, nikatafute programu dukani kwao. Nikaenda dukani kwao. Duka likaniletea michezo ya watoto ya kupaka rangi.

Kwa wasiofahamu, WPG ni aina ya faili ya picha iliyokuja na programu ya kuandikia ya zamani, enzi za skrini zenye matumbo. Ubaya wake ni kwamba faili moja linaweza kubeba vitu viwili. Linabeba mistari, ile inayochorwa kwa hesabu, anza hapa, ishia pale, kitaalamu vector. Linabeba pia picha ya nukta nukta kama ya simu yako, yaani raster. Vyote viwili kwenye mfuko mmoja. Wakati ule ilionekana akili. Leo programu nyingi hazitaki kuujua mfuko huo, na chache zinazoujua zinaingiza mkono mmoja, zinatoa kitu kimoja, zinasema nimemaliza.

Nikajaribu programu ya ofisi ya bure. Ikafungua kurasa na kurasa za vimraba na alama za kuuliza, kana kwamba na yenyewe ilikuwa na maswali.

Nikajaribu ile ya wachora mabango. Ikafungua bila kelele ukurasa mweupe, safi, kama ardhi kabla ya Adamu. Nikakuza, nikapunguza. Hakuna kitu. Lakini chini kabisa imeandika kwamba faili limefunguliwa kikamilifu.

Nikaingia mtandaoni. Kuna jamaa aliuliza swali langu lile lile kwenye jukwaa la watu wa nje, neno kwa neno karibu. Moyo ukaruka. Nikashuka kusoma majibu. Jibu lilikuwa moja, la kwake mwenyewe: ameshapata ufumbuzi, anashukuru wote. Basi. Hakusema ufumbuzi gani. Mtu huyu, popote alipo, namwombea ajigonge kidole kidogo cha mguu kila asubuhi.

Kwenye ukurasa wa programu nyingine nikakuta tangazo la toleo jipya. Wameondoa uwezo wa kusoma aina hiyo ya faili kwa kuwa watumiaji wake wamebaki wachache mno. Nikageuka nikamtazama mtumiaji wao mmoja. Alikuwa amelala kwenye kochi langu, mdomo wazi, viatu amevipanga vizuri chini.

Asubuhi iliyofuata nikaenda mjini kwa Menasi, rafiki yangu mwenye steshenari. Menasi hajawahi kusema neno "sijui" tangu nimfahamu.

"Hiyo ndogo," akasema. "Badili jina liishie JPG, litafunguka."

"Menasi, ukimwita paka Simba ataacha dagaa?"

"Wewe badili kwanza. Waandishi mna maneno."

Nikabadili. Halikufunguka. Akasema basi flashi ina virusi. Akaisafisha virusi, na nusura aisafishe pamoja na faili. Nilimshika mkono kidole chake kikiwa juu ya kitufe.

Lakini nimpe haki yake. Nyuma ya steshenari, chini ya maboksi ya karatasi, alikuwa na kompyuta ya mezani ya zamani sana. Tuliiwasha, ikaunguruma kama mashine ya kusaga, na ndani yake kukawa na programu ya kutazamia picha ambayo hata yeye hakumbuki iliingiaje. Nikaifungulia faili.

Penseli ya Bruda ikatokea. Lango, njia, ukuta, kijito kimechorwa kwa mawimbi madogo madogo. Mkono wa mtu aliyekuwa na subira. Nilikaribia kulia pale pale.

Halafu nikaona kwamba hakuna makaburi. Hata moja. Programu imetoa picha ya nukta, mistari imeiacha mfukoni.

Nikarudi mtandaoni kwa hasira, nikakuta tovuti inayobadilisha mafaili ya kizamani kuwa PDF. Nikapandisha. Ikazunguka, ikazunguka, umeme ukakatika, ukarudi, nikapandisha upya. Ikanipa PDF. Nayo ikatoa makaburi yote, mistatili na majina, herufi zimesimama wima, zinasomeka. Nikasoma jina moja moja kwa kidole. Na kwenye mstari wa chini kabisa, la tatu kutoka kushoto: Skolastika. Kaburi la pili baada yake, kwenye mstari huo huo: Katekista Joakimu.

Lakini hakuna lango, hakuna njia, hakuna kijito. Makaburi yanaelea kwenye weupe.

Nusu moja kwa Menasi, nusu nyingine mtandaoni. Mnaona kilichofuata. Nikachukua nusu hizi mbili, nikaweka ya makaburi juu ya ile ya penseli. Zikakaa. Pembe kwa pembe, ukingo kwa ukingo, bila kuvuta hata kidogo. Mstari wa chini, wenye Skola, ukaangukia karibu na lango, maana Bruda alichora lango chini ya karatasi na kijito juu.

Menasi akapiga makofi. Nami nilijisikia mkubwa, siwafichi. Nikachapa nakala ya rangi, nikampelekea shangazi.

Hakuangalia ramani. Aliweka kidole juu ya jina, akauliza, "Ndiyo hapa?"

"Ndiyo hapo, shangazi. Ukiingia langoni tu, la tatu."

"Karibu hivyo," akasema. "Na mimi nimepita barabara ile mara ngapi na tumbaku kichwani."

Alilia kidogo, halafu akaniuliza kama kuna chumvi ndani, maana mboga yangu haina ladha.

Jumamosi ndugu walifika. Misa ikasomwa kigangoni, tukashuka makaburini, Fundi Saidi ametangulia na koleo na mbao zake. Fundi Saidi ni wa Tunduru, Myao, na alishakubaliana na shangazi kwamba ujenzi aanze mapema ili adhuhuri awahi swala. Nyasi zilikuwa juu ya kiuno kule chini, lakini karibu na lango vijana walikuwa wamefyeka.

La kwanza, la pili, la tatu. Hakuna msalaba hata mmoja uliosalia upande ule. Tuta tu, limezama.

Shangazi akalizunguka. Akasimama upande wa kichwa, akatazama upande wa miguu. Akakunja uso.

"Mbona refu?" akauliza.

"Mwanangu alikuwa anafika hapa." Akaonyesha juu kidogo ya goti lake.

Baba mdogo Ditriki, ambaye alikuwa mmoja wa vijana waliochimba siku ile, na ndiye pekee aliyebaki hai ingawa mahali penyewe alishapasahau, akajikuna kidevu. "Mimi nakumbuka kama tulisikia maji," akasema. "Yale maji yanayopita juu ya mawe."

"Ilikuwa masika," mtu wa Madaba akamjibu. "Masika maji yako kila mahali. Hata chumbani kwako."

Watu wakacheka. Baba mdogo naye akacheka. Kisha wote wakageuka kunitazama mimi, kwa sababu mimi ndiye mwenye karatasi ya rangi.

Wakuu, mama amesema kaburi ni refu. Mchimbaji amesema alisikia maji. Nami nikafungua karatasi nikasema, "Ramani inasema hapa, shangazi."

Akanitazama. Akatazama karatasi. Akasema, "Haya. Kama ndivyo Bruda alivyoandika."

Fundi Saidi akasema bismillah, akaanza.

Kazi ilikwenda haraka. Mbao zikapigwa, kokoto zikamwagwa, mfuko wa kwanza ukachanganywa, ukaisha, wa pili ukafunguliwa, maana tuta lilikuwa refu na lilikula saruji bila huruma. Wanawake wakaimba. Shangazi alikaa chini pembeni, miguu ameinyoosha, anaongea polepole na udongo. Sikusogea kusikiliza. Mambo mengine hata mwandishi anapaswa kuyaacha yapite.

Maji ya kuchanganyia yakapungua. Nikachukua ndoo nikashuka kijitoni, nikipasua nyasi, nalaani mbigili, najivunia kimoyomoyo kwamba kwa mara ya kwanza maandishi yangu yameufaa ukoo.

Karibu na maji nikajikwaa.

Lilikuwa jiwe. Jiwe la kuchongwa, limelalia ubavu, limemezwa na nyasi. Nikalifuta kwa kiganja. Herufi zilikuwa na ukungu lakini zilisomeka: Katekista Joakimu.

Katekista Joakimu kwenye karatasi yangu alikuwa langoni, mstari mmoja na Skola. Tulipofika pale langoni hatukuona jiwe lake, na tulidhani naye alikuwa na msalaba wa mti.

Nikahesabu makaburi kurudi kushoto. Moja. La pili lilikuwa tuta dogo, fupi, limefunikwa na magugu yenye maua ya njano. Lilikuwa fupi hivi kwamba ningeweza kulivuka bila kunyanyua mguu sana.

Na maji yalikuwa yanapita juu ya mawe. Nilikuwa nayasikia tangu nilipofika.

Nikatoa simu, nikafungua ile PDF, nikaitazama hadi macho yakauma, nikaona mistari imekaa juu chini. Niwaeleze sababu niliyokuja kuielewa baadaye, mjifunze bila kulipia. Mafaili haya ya zamani yanahesabu kutoka chini kwenda juu, kama mtu anayejenga nyumba akianzia kwenye msingi. Programu za leo zinahesabu kutoka juu kwenda chini, kama mtu anayesoma ukurasa. Ile tovuti ilisoma namba za Bruda bila kugeuza. Mstari wa juu ukawa wa chini, wa chini ukawa wa juu. Herufi hazikupinduka, kwa sababu herufi tovuti inaziandika yenyewe, kwa hiyo kila jina lilisimama wima kabisa, linakutazama usoni, kwenye kaburi lisilo lake. Na zile nusu mbili zilikaa pembe kwa pembe kwa sababu mstatili ukiupindua juu chini unabaki mstatili ule ule. Picha ya penseli ingetoka pamoja nayo kwenye PDF, nayo ingepinduka, na kosa lingeonekana. Lakini kila programu ilinipa nusu yake, ikasema imefungua kikamilifu.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimesimama kijitoni na ndoo tupu.

Nikapanda mbio. Nilipofika, Fundi Saidi alikuwa ameshalainisha uso wa kaburi kwa mwiko, na shangazi amepiga magoti, yale magoti yake, ameshika msumari, anaandika. Alikuwa amefika S, K, O, L.

"Shangazi, subiri."

"Maji yako wapi?"

"Shangazi, siyo hapa. Ramani ilikuwa imepinduka. Skola yuko kule chini, kijitoni."

Wanawake wakakatiza wimbo.

Mtu wa Madaba akasema, "Imepindukaje, wewe si ndiye uliyeichapa?"

Baba mdogo Ditriki hakucheka. Alisema taratibu, "Nilisema maji."

"Ulisema," nikamjibu.

"Mkaniambia masika."

"Tulikuambia, baba mdogo."

Shangazi alikuwa bado amepiga magoti, msumari mkononi. Akautazama ule mstatili wa saruji mbichi, mrefu, uliolala mbele yake. Alikuwa ameongea nao tangu asubuhi.

"Na huyu ni nani?" akauliza.

Nikafungua tena PDF kwenye simu, safari hii nikaenda mstari wa juu kabisa, la tatu kutoka kushoto, nikasoma. "Mzee Kasiani."

Watu wakaulizana. Hakuna aliyemjua. Mama mmoja wa pale kigangoni akasema alikuwepo mzee wa jina hilo, hakuoa, alikuwa anapiga kengele ya kanisa, hakuacha mtu.

Nilitegemea shangazi apige kelele. Nilitegemea anigeukie mimi, na angekuwa na haki. Akanyoosha mkono kwa Fundi Saidi, akachukua mwiko, akafuta herufi zake nne, moja baada ya nyingine, mpaka saruji ikawa tambarare.

"Siwezi kumwacha mzee wa watu na jina la mtoto wa kike," akasema. "Ditriki, wewe una mwandiko. Andika Kasiani."

Baba mdogo akaandika.

"Nimemlilia tangu asubuhi," shangazi akasema akijipangusa magoti. "Pengine hakuwahi kuliliwa. Haya, nishikeni, tushuke."

Fundi Saidi akachungulia mfuko wa pili. Ulikuwa umebaki chini ya nusu. Akautikisa, akamtazama shangazi kwa aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyepindua ramani.

"Mama, hii imebaki kidogo sana."

"Kaburi refu kiasi gani?" shangazi akaniuliza mimi.

Nikaonyesha kwa mikono.

"Basi inatosha," akasema.

Ilitosha. Wakuu, ilitosha, na ikabaki ya kuziba ufa wa ukingoni.

Kule chini hawakuenda wote. Wengine mvua iliwatisha, wengine njaa. Tulikuwa wachache, tumesimama kwenye nyasi zilizolala, maji yanaongea nyuma yetu. Shangazi hakuuliza safari hii kama ni hapa. Alilala chini ubavu, kando ya lile tuta, akalipima kwa mwili wake, kichwa chake kwenye kichwa, na mwisho wa tuta ukaishia tumboni kwake. Akakaa hivyo kidogo. Halafu akanyanyuka, akamwambia Fundi Saidi, "Jenga. Na usiichape saruji kwa nguvu."

Swala ya adhuhuri ilimpita Fundi Saidi. Alisema Mungu anaona.

Sasa wakuu, niseme nilichojifunza.

Kwanza, hasira yangu haijaisha. Sijaelewa kwa nini programu inayofungua nusu ya faili haisemi kwamba ni nusu. Ingeandika mstari mmoja tu, "humu kuna kitu nimeshindwa kukisoma," tungesimama. Kushindwa siyo dhambi. Dhambi ni kushindwa kwa uso mkavu. Na wale wanaoondoa uwezo wa kusoma aina za zamani kwa sababu watumiaji ni wachache, waelewe kwamba mtumiaji mmoja anaweza kuwa na kitu kimoja tu maishani, na kitu hicho kiko humo.

Pili, kama ofisi yako, parokia yako, msikiti wako, shule yako ina ramani au michoro ndani ya mafaili ya enzi za disketi, yafungueni sasa hivi, wakati bado kuna mtu anayekumbuka yalivyokuwa yanaonekana. Yahamishie kwenye aina zinazosomwa na kila mashine. Chapeni na karatasi. Mchwa wanakula karatasi, lakini mchwa hawaipindui.

Tatu, mama akisema kaburi ni refu, weka karatasi chini.

Sasa nawaachia jukwaa. Kuna yeyote humu anayefahamu programu inayosoma WPG yote, mistari na picha kwa pamoja, bila kupindua? Karani wa parokia ana mafaili mengine ya Bruda, kuna ramani ya mabomba ya maji ya kijiji kizima, na naogopa kuigusa. Na mwenye kisa cha faili la kizamani kilichomtoa jasho alete, tucheke pamoja au tulie pamoja. Nawaomba kitu kimoja: mkipata ufumbuzi, uandikeni. Msiandike tu kwamba mmepata.

Watakaouliza kuhusu shangazi: ndiyo, aliondoka Jumatatu kama alivyopanga.

Alilala kwangu. Asubuhi alifunga mzigo wake, akanywa chai, akaisema kwamba ni nyepesi. Mimi nilikuwa nimechapa picha kubwa ya kaburi, lile dogo, na jina lake kamili juu yake, nikaiweka kwenye bahasha ngumu ili isikunjike njiani. Nikampa.

Akaitoa, akaitazama kwa adabu, akairudisha ndani ya bahasha, akaniwekea mezani juu ya karatasi zangu.

"Chukua, shangazi. Ukiwa kule uwe unaitazama."

"Picha ni ya mtu ambaye hakufika," akasema.

Akajitwika mzigo. Akanikataza kumsindikiza, akasema bodaboda anamsubiri na mimi nina kazi zangu za kuandika uongo. Akatoka, akavuta mlango nyuma yake mpaka ukafungika.